Mwenye Kofia Ndiye Mwenye Neno

Kofia yenyewe haikuwa na sifa. Ilikuwa ya kitambaa kizito cha rangi ya majivu, ukingo umelegea kama sikio la mbwa mzee, na ndani yake mlikuwa na harufu ya dizeli iliyokataa kutoka hata baada ya kufuliwa mara saba. Zamani ilikuwa ya mume wa mwalimu mmoja, dereva wa lori aliyestaafu. Siku hizi ilikuwa ya watoto thelathini na wawili wa darasa la awali, na kwa sababu yake shule nzima ilimwita yule mama Mwalimu Kofia. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti, likipumzika.

Pembeni mwa darasa lake, chini ya dirisha, palitandikwa mkeka. Watoto wawili wakigombana, huvua viatu na kukaa mkekani. Mmoja huvaa kofia na kusema. Mwenzake hunyamaza mpaka kofia imfikie. Mwenye kofia ndiye mwenye neno. Mwalimu huuliza maswali matatu tu: Kumetokea nini? Nani kaumia? Tufanye nini sasa? Akishauliza huziba mdomo wake kwa kiganja, maana anajijua. Na hakuna anayenyanyuka mpaka wote wawili waseme, "Nimeridhika."

Tatizo la kofia lilikuwa ukubwa. Ilimfunika mtoto macho na nusu ya pua, hata mshitaki akawa analishitaki kabati badala ya mshitakiwa. Mwalimu alifikiria kuipunguza, kisha akagundua kwamba mtoto asiyeona uso wa mwenzake husema kweli upesi zaidi. Akaiacha.

Kesi zilikuwa nzito, kila moja kwa kipimo chake. Kuna siku mtoto mmoja alilalamika, "Mwalimu, kaniangalia."

"Kakuangalia vipi?"

"Kama limau."

Darasa zima likaombwa lionyeshe mtu anaangaliaje kama limau, na nyuso thelathini na mbili zikakunjamana kwa pamoja. Baada ya dakika ishirini wakakubaliana: anayejisikia limau aangalie dirishani, nje kuna nafasi.

Hakuzaliwa na hekima hiyo. Miaka yake ya mwanzo alikuwa hakimu, polisi na kengele, vyote ndani ya gauni moja. Akisikia kelele, hutamka hukumu kabla hajafika zilipo. Mpaka siku moja, miaka kumi na saba iliyopita, alimsimamisha mtoto ukutani kwa kuiba daftari la mwenzake. Jioni, nyumbani, akalikuta lile daftari ndani ya mkoba wake mwenyewe. Kilichomchoma hakikuwa kosa lake. Ni kwamba yule mtoto hakulia wala hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mwalimu," akaenda ukutani. Ile "sawa" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kesho yake akaja shuleni na kofia.

Mumewe hakuelewa. "Mke wangu," alimwambia, "mimi miaka thelathini nimetatua migogoro kwa honi. Anayesikia, anapisha."

"Na asiyepisha?"

"Ndiyo maana lori lilikuwa limebonyea mbele."

Wazazi nao walikuwa na yao. Baba mmoja alikuja asubuhi, uso umemshuka. "Mwalimu, jana nimezozana na mama yake, jambo dogo tu la dirisha. Huyu mtoto akaenda jikoni, akarudi na sufuria, akanivika kichwani, akaniambia niseme kumetokea nini."

"Ukasema?"

"Ningefanyaje, mwalimu? Nimeshavikwa sufuria!"

"Na mama yake?"

"Naye akavaa, akasema. Tukaridhika." Kisha akakumbuka kwamba alikuja kulalamika. "Lakini hiyo si hoja! Mimi ni mtu mzima!"

Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yaliyofika mezani kwa Mwalimu Mkuu mpya. Alikuwa mtu mrefu na mpana, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, mfukoni kalamu tatu zimejipanga kwa urefu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda ratiba tu, kama wengine wanavyopenda maua.

"Mwalimu," alimwambia ofisini, "darasa la jirani limefika herufi W. La kwako liko wapi?"

"M, Mkuu."

"M!"

"Ni herufi nzuri."

"Nzuri, lakini si ya mwisho." Akasogeza kiti chake, kiti cha magurudumu kinachozunguka, akaangalia ukuta kidogo kabla ya kurudi kumtazama. "Alhamisi nitakuja kukagua somo. Nisiporidhika, darasa lako litaunganishwa na la jirani, chini ya yule mwalimu kijana. Wewe utakwenda ghalani kusimamia vitabu." Kisha akaongeza kwa upole wa kweli, "Umri nao unataka mapumziko. Ghalani hakuna ugomvi."

Hicho ndicho kilichomtisha. Alikwenda siku hiyo hiyo kuchungulia ghala. Vitabu vilikuwa vimepangana mgongo kwa mgongo, kimya kama watu waliokasirikiana miaka mingi, na hakuna hata kimoja kilichomwambia shikamoo.

Basi Alhamisi asubuhi alifanya jambo ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka. Aliichukua kofia, akapanda juu ya kiti, akaificha juu ya kabati, nyuma ya chati ya wanyama. Mkeka akaukunja. Akaomba kimoyomoyo, siku hii moja, watoto wasiwe na la kugombania.

Na walikuwa wema ajabu. Mkuu alipoingia na fomu yake imebanwa kwenye kibao cha mkononi, darasa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Mwalimu alimwekea kiti chake mwenyewe mbele.

"Hapana, nitakaa nyuma," akasema Mkuu. "Nione vizuri."

Somo lilikuwa herufi N. Mwalimu alimwita ubaoni mtoto wa kike waliyemwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa namna maneno yake yanavyoingia. Sindano akachukua chaki, akaanza mlima wa kupanda, mguu wa kwanza wa N. Nyuma yake, Mkuu akaona kiti kitupu, kiti cha mbao kisichofika hata gotini mwake. Akajishusha.

Kiti kikasema, "Kwa!"

Fomu iliruka upande huu, kalamu tatu upande ule, na Mwalimu Mkuu akawa sakafuni, miguu mbele, amekaa kama mtoto anayesubiri kunawishwa. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamefundishwa kwamba aliyeanguka huulizwa kwanza. Sauti thelathini na mbili zikaimba kwa pamoja:

"Umeumiaaa?"

"Sijaumia," akasema Mkuu, akitafuta kalamu.

Sindano aligeuka na chaki mkononi. Akakiangalia kiti, vipande vitatu na mguu mmoja pekee. Kisha akamwangalia mwalimu wake.

"Mwalimu. Kavunja kiti changu."

"Nyamaza, mwanangu. Huyu ni Mwalimu Mkuu."

"Namjua. Lakini ni kiti changu."

"Nimesema nyamaza."

Mtoto alimtazama. Hakubisha wala hakulia. Akashusha chaki.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Mwiba ulikuwa pale pale ulipoachwa miaka kumi na saba nyuma, haujasogea hata unywele. Mwalimu alisimama akishika meza. Upande mmoja aliliona ghala, na vumbi lake, na ukimya wake. Upande wa pili alikiona kidevu cha Sindano kikijizuia kutikisika. Mkuu alikuwa ameshanyanyuka, anajipangusa suruali, tayari kusema "tuendelee." Mtu akitaka kunyamaza, hapo ndipo pa kunyamaza.

Mwalimu akavuta kiti mpaka kwenye kabati. Akapanda, akaingiza mkono nyuma ya chati ya wanyama, akashuka na kofia yenye utando wa buibui. Akatandika mkeka.

"Mkuu," akasema, na sauti yake ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka, "naomba uvue viatu."

"Mwalimu, unafahamu kwamba niko hapa kikazi?"

"Nafahamu, Mkuu. Na sisi tuko kikazi."

Mkuu aliangalia mlango. Kisha akaangalia zile nyuso. Hazikuwa na ukali wala dhihaka. Zilimngojea tu, kama watu wanavyomngojea mwenzao aliyechelewa kidogo. Akainama kwenye kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa kwa mafundo ya mtu wa ratiba. "Vuta hiyo!" wakamsaidia wa mstari wa mbele. "Siyo hiyo, hiyo nyingine!" Viatu vilipotoka, soksi zikaonekana: za kijani, zenye bata wa njano.

"Alininunulia binti yangu," akasema Mkuu, ingawa hakuna aliyemuuliza. Heshima yake darasani ilipanda papo hapo.

Sindano akavaa kofia kwanza. Ikameza uso wake mpaka puani, akaanza kuhutubia kabati. Wakamgeuza taratibu kwa mabega.

"Mimi nilikwenda kuandika N," akasema kutoka gizani. "Nimegeuka, sina kiti. Kiti kimekufa. Basi."

Kofia ikahamia kwa Mkuu. Ikamkaa sawasawa. Mnong'ono ukapita darasani. Kumbe kofia ina mtu wa kumtosha! Mkuu akasafisha koo.

"Kwa niaba ya uongozi wa shule, napenda kusema kwamba tukio hili halikutarajiwa, na hatua zinazofaa—"

"Hapana," akasema mtoto mmoja ambaye neno hilo lilikuwa ndilo chakula chake, hata akaitwa Bwana Hapana. "Sema kumetokea nini."

Mkuu alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikaa," akasema Mkuu. "Kikavunjika."

"Ehee," darasa likaitikia kwa kuridhika. Huyu anafundishika.

"Nani kaumia?" akauliza mwalimu, akarudisha kiganja.

Wakasema Sindano, maana hana pa kukaa. Wakasema kiti. Bwana Hapana akauliza kama Mkuu naye kaumia. Mkuu akasema hapana. Wakaendelea kumtazama.

"Kidogo," akakiri. "Hapa nyuma."

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Wote walipajua hapo nyuma.

"Tufanye nini sasa?"

"Nitaagiza kiti kipya," akasema Mkuu haraka, kwa furaha ya mtu aliyefika uwanja wake wa nyumbani. "Tutajaza maombi, yatapelekwa, baada ya wiki tatu hivi kiti kitaletwa."

"Na leo?" akauliza Sindano.

Mkuu akaangalia fomu yake. Katika ratiba zake zote hakukuwa na leo.

Mawazo yakamiminika. Mmoja alisema Mkuu asimame ukutani, wakamkataa: ukuta haumpi mtu kiti. Mwingine alisema atoe soksi, na ikaonekana huyo anazitaka soksi tu. Kisha kasichana kadogo kuliko wote kakauliza, "Kwani yeye hana kiti?"

Hivyo ndivyo Mwalimu Mkuu alivyoonekana akivuka uwanja wa shule na soksi zake za bata, mbele yake watoto wanne wakisukuma kiti cha ofisini kwa kelele za magari. Mwalimu kijana wa darasa la jirani alitokeza kichwa dirishani, akakirudisha ndani, akakitokeza tena ili ahakikishe.

Sindano akapandishwa. Miguu yake ikaning'inia mbali na dunia. Akashika penseli, akaanza N. Kiti nacho kikaanza kuzunguka. Herufi ilianzia daftarini kwake ikamalizikia daftarini kwa jirani.

"Sijaridhika," akasema, mgongo ukiwa umewaelekea wote.

Wakarudi mkekani. Mwalimu aliona Mkuu akitazama saa ya ukutani, akajua kila dakika inaandikwa mahali. Alitamani sana kusema jambo la busara litakalomaliza kesi. Kiganja kikamkandamiza midomo.

Ndipo mtoto mmoja mpole, waliyemwita Mzee kwa sababu ya kikohozi chake cha kiutu uzima, akaomba kofia. Akakohoa.

"Mimi nina swali. Kile kiti kilikuwa kizima?"

Kofia ikarudi kwa Sindano. Chini ya ule ukingo kikaonekana kidevu tu.

"Kilikuwa kinacheza."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Nilikuwa nakipanda farasi."

"Aah!" darasa likasema.

"Mbona hukusema?" akauliza Mkuu, akasahau kwamba hana kofia. Kwa mara hii walimsamehe.

"Hukuniuliza," akasema Sindano. "Ungeniuliza, nikae hapa? Ningekwambia, kaa, lakini usiegemee."

Mkuu alibaki akiitazama ile kofia yenye mtoto ndani. Akaipokea, akaivaa, na safari hii hakusema kwa niaba ya mtu yeyote.

"Ni kweli. Nilikaa bila kuuliza."

Mzee akapendekeza kwamba waliokiua wawili, basi wakitibu wawili. Ikaletwa nyundo kutoka ghalani, misumari na kamba. Sindano akashika mguu wa kiti, Mkuu akapiga msumari mara mbili na kidole chake mara tatu. Kila alipojipiga, darasa likamuuliza kama ameumia, naye akajifunza kujibu ndiyo. Kiti kikasimama kikiwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Wakakubaliana: hakuna farasi, hakuna kukalia cha mtu bila kuuliza.

"Nimeridhika," akasema Sindano.

"Nimeridhika," akasema Mkuu.

Dakika hamsini na mbili. Mlima wa herufi N ulikuwa bado ubaoni, mguu mmoja tu, haujateremka. Mkuu akafunga kamba za viatu, akaandika kitu kwenye fomu, akaondoka akikisukuma kiti chake.

Saa ya mapumziko watoto walitoka, Sindano akabaki. Alikuwa amekumbatia kofia.

"Mwalimu. Vua viatu."

"Mimi?"

"Uliniambia ninyamaze."

Mwalimu alivua. Alikaa mkekani kwa awamu, goti hili kwanza, kisha lile, na yote mawili yakatoa maoni. Mtoto akamvika kofia. Kwa miaka kumi na saba hajawahi kuivaa. Ndani mlikuwa na giza jepesi na ile dizeli, na sauti yake mwenyewe ilimrudia karibu mno, kama ya mtu aliyelala chumba kimoja naye.

"Kumetokea nini?" akauliza Sindano.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba watanitoa humu, wanipeleke ghalani."

Mtoto akafikiri. "Nani kaumia?"

"Wewe."

"Na wewe pia," akasema Sindano, kwa haki. "Tufanye nini sasa?"

"Sijui, mwanangu. Niambie."

"Siku nyingine ukiogopa, sema naogopa. Usiseme nyamaza."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, na kofia ikatikisika naye. Akasema ameridhika. Sindano akaridhika pia, akamsaidia kunyanyuka, kazi iliyochukua muda kuliko kesi yenyewe.

Mchana aliitwa ofisini. Mkuu alikuwa na plasta kidoleni na fomu mezani. Mahali pa "Usimamizi wa darasa" palikuwa pameandikwa na kukatwa mara tatu, karatasi ikaanza kutoboka.

"Mwalimu, herufi zilizobaki zinamalizika kabla ya muhula kwisha?"

Jibu la kumlinda lilikuwa rahisi: ndiyo, Mkuu. Lilikuwa ulimini, limeshavaa viatu.

"Naogopa hazitamalizika," akasema. "Na naogopa ghala."

Mkuu aliweka kalamu chini. Hakuwa amezoea kujibiwa hivyo katika chumba kile; watu humo hujibu kwa mipango. Kiti kikamzungusha kidogo kuelekea ukutani, akakishika, akajirudisha.

"Tufanye nini sasa?" akauliza, na masikio yake yakapata moto, maana alijua swali hilo amelitoa wapi.

Walizungumza saa nzima. Mkuu alipotaka kudakia maneno, mwalimu aliinua kidole, naye akasubiri zamu. Mwishowe wakakubaliana hivi: asubuhi mbili kwa wiki yule mwalimu kijana ataingia kwa Mwalimu Kofia kufundisha herufi, kwani ana mkono mwepesi wa herufi. Na asubuhi hizo hizo, Mwalimu Kofia ataingia darasa la jirani na mkeka wake.

"Kwa jirani?" akashangaa mwalimu. "Wale si ndio wametulia?"

"Wamefika W," akasema Mkuu, akachukua fomu ya kumhamishia ghalani, akaichana kwa utaratibu, mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana. "Lakini jana wameng'atana."

Mwalimu alijizuia kucheka, akashindwa. "Basi nianze Jumatatu."

"Anza kesho," akasema Mkuu. "Aliyeng'atwa ni mwalimu."